Mwembe Ulio Nje ya Dirisha

Ingia katika darasa la tatu au la nne mjini Lubumbashi, saa ya somo lile ambalo ratiba zetu huliita kwa Kifaransa étude du milieu, maana yake kujifunza mahali tukaapo. Mara nyingi utamwona mwalimu akiandika ubaoni ya kuwa mti una mizizi, shina, matawi na majani. Watoto wananakili, vichwa chini, ulimi umetokeza pembeni mwa midomo kwa bidii ya kuandika. Kisha mwalimu huchora mti kwa chaki, na watoto huchora mti ule wa chaki. Na nje ya dirisha, hatua ishirini tu, umesimama mwembe mzima, wenye mizizi na shina na matawi na majani, tena wenye sisimizi wapandao na kushuka, wala hakuna mtoto hata mmoja aliyeambiwa autazame.

Hatusemi haya kwa kuwacheka walimu. Mwalimu ana watoto wengi kupita kiasi, hasa tangu mwaka 2019, Serikali ilipoamuru shule za msingi za umma zisiwalipishe wazazi. Benchi lililotengenezwa kwa watoto watatu lakaliwa na watano. Mkaguzi ajapo hutaka kuona madaftari yaliyojaa. Na mwalimu akiwatoa watoto nje, mmoja wao akagongwa na pikipiki barabarani, nani atakayejibu mbele ya wazazi? Basi hubaki ndani, na chaki yake. Mimi niandikaye maneno haya niliunakili mti ule wa chaki nilipokuwa mdogo, nikapewa alama kumi juu ya kumi. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa ya kuwa jakaranda iliyopamba uwanja wa shule yetu kwa maua yake ya zambarau haikuwa mti wa kwetu kamwe, bali asili yake ni Amerika ya Kusini. Kumi juu ya kumi, na mti wenyewe sikuujua.

Bwana wetu Yesu Kristo alipotaka kuwafundisha watu wamtumaini Baba wa mbinguni, aliwaonyesha ndege wa angani na maua ya mashamba. Alipotaka kusema juu ya Neno la Mungu, alichukua mfano wa mpanzi, na mbegu, na miiba, na udongo mchache juu ya mwamba. Wasikilizaji wake walikuwa wameketi kando ya ziwa au mlimani, na vitu alivyovisema waliviona kwa macho. Basi kumfundisha mtoto nje si jambo jipya lililobuniwa na wataalamu wa ng'ambo.

SABABU YA WAZAZI KUSITA

Hata hivyo, mwalimu akitangaza ya kuwa Jumatano watoto watakwenda porini, wako wazazi watakaonung'unika. Watasema, "Sisi twataka mtoto asome, kutembea porini atatembea bila shule." Au watasema neno zito zaidi: "Mnataka kuwalimisha watoto wetu." Maneno haya yana mzizi wa zamani, nasi yafaa tuuangalie, maana asiyeuelewa atawahukumu wazazi bure.

Siku za utawala wa Kibelgiji, kanuni za elimu zilizotolewa mwaka 1929 ziliagiza ya kuwa katika shule za vijijini watoto wafundishwe kilimo. Katika maandishi lilikuwa jambo jema. Lakini katika shule nyingi somo la kilimo likageuka kuwa jembe tupu. Mtoto alilima shamba la shule asubuhi, akachota maji jioni, na hakuna aliyemweleza kwa nini mahindi ya upande huu yamekuwa ya manjano na yale ya upande ule yamestawi. Hatuna budi kukiri ya kuwa shule za misheni nazo zilikuwamo katika kosa hili. Baadaye, katika miaka ya 1970, ikaja Salongo ya Rais Mobutu, kazi ya pamoja ya lazima, na wanafunzi wakatolewa madarasani kufyeka majani na kufagia njia. Babu aliyepitia yale, na baba aliyepitia haya, wakisikia neno "nje" husikia jembe na fagio.

Jirani zetu wa Tanganyika walikutana na shida iyo hiyo. Mwalimu Julius Nyerere alipotoa azimio lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba, lakini alitaka pia wanafunzi wenyewe wapange kazi ya shamba lile, wahesabu faida na hasara, na wajadili kosa lilikuwa wapi. Mahali palipokosa mipango ile na mahesabu yale, palibaki jembe tu.

Basi tuseme wazi: kufagia uwanja ni kazi njema, lakini si somo. Kutembea-tembea bila swali kwaburudisha, lakini si somo. Somo la nje lina swali kabla ya kutoka, lina macho na mikono huko nje, na lina daftari mtoto arudipo. Hayo yakiwapo, mzazi atayaona daftarini, na manung'uniko yatapungua yenyewe.

KICHUGUU

Tuchukue mfano mmoja, nao haudai gari wala pesa. Kuuzunguka mji wetu, tukipita Kasapa, au njia ya Likasi, au njia ya Kasumbalesa, twaona vichuguu vikubwa vya mchwa, vingine virefu kupita nyumba, meta tano na zaidi. Tumevizoea mno hata hatuvioni. Mgeni atokaye nchi nyingine husimamisha gari kuvipiga picha, nasi twamshangaa.

Tuseme mwalimu wa darasa la tano awapeleka watoto wake mbele ya kichuguu kimoja. Swali lake ni moja: kwa nini miti iliyoota juu ya kichuguu si ile iliyoota chini yake? Watoto wagawanyike vikundi. Wa kwanza wapime mzingo wa kichuguu kwa kamba yenye mafundo kila meta. Wa pili wakusanye jani moja la kila mmea ulio juu, na jani moja la kila mmea ulio mahali tambarare, wahesabu. Wa tatu wachukue konzi ya udongo wa juu na konzi ya udongo wa chini, watie maji kidogo, wafinyange. Udongo wa kichuguu utafinyangika vizuri kama wa mfinyanzi. Ule mwingine mara nyingi utameguka. Hapo mtoto ameshika jibu mkononi mwake. Mchwa wamepandisha udongo laini kutoka chini, chembe kwa chembe, nao washika maji na chakula cha mimea kuliko udongo wa kando. Ndiyo sababu mkulima hupenda kupanda karibu na kichuguu, na ndiyo sababu mfyatua matofali hukipiga sururu.

Na hapo mwalimu awaambie watoto jambo la kuwashangaza. Wataalamu walipima kwa njia ya kaboni umri wa vichuguu kadhaa vya msitu wa Katanga, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha ya kuwa kimojawapo chapita miaka 2,000. Mchwa walikuwa wamekwisha kuanza kukijenga kabla ya Bwana wetu kuzaliwa Betlehemu. Wafalme wamekuja na kwenda, Msiri alitawala Bunkeya akauawa mwaka 1891, mji wetu ukaanzishwa mwaka 1910 ukaitwa Elisabethville, ukabadilishwa jina mwaka 1966, na kichuguu kilikuwa pale pale. Leo watu wanne wenye masururu wakimaliza kukifyatua kuwa matofali, kazi ya vizazi elfu vya mchwa imekwisha. Hatusemi watu wasijenge nyumba. Lakini mtoto aliyepima kichuguu kwa kamba yake hukitazama kwa jicho jingine.

Mle ndani mchwa nao ni wakulima. Hutafuna majani makavu na miti, kisha juu ya mabaki yale hulima uyoga mdogo, ndio chakula chao. Mvua zikianguka, uyoga ule hutoa vichwa vyake nje, na aina moja yake, iliyoandikwa na wataalamu wa Zambia na Ulaya mwaka 1980, huwa na kofia pana hata kufika meta moja. Mama zetu huujua tangu zamani.

UYOGA WA BIBI

Hapa twafika kwenye jambo ambalo mimi binafsi naliona kuwa zito kuliko yote. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hata wa tatu, kando ya barabara zitokazo mjini, wamama na watoto huuza uyoga katika beseni na vikapu: mwekundu, mweupe, wa manjano, na ule wenye maziwa uitwao kabansa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji wameandika vitabu juu yake. Profesa François Malaisse, aliyefundisha hapa miaka mingi, alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya vyakula vya msitu wa miombo, yaani matunda, mizizi, viwavi na uyoga. Na mengi ya yale aliyoyaandika aliyajua kwa kuwauliza wazee wa vijiji.

Bibi aliyezaliwa kijijini huujua uyoga kwa rangi ya chini ya kofia, kwa harufu, kwa mti ulio karibu. Ajua upi ni chakula na upi ni ndugu yake mbaya, maana katika jamii moja ya uyoga mna unaolisha na unaoua. Lakini mjukuu wake aliyezaliwa Katuba au Kenya au Ruashi hajui. Na mtu asiyejua akienda kuchuma mwenyewe siku ya njaa, aweza kuleta kifo katika sufuria. Elimu ile ya bibi haimo katika kitabu cha shule, na bibi akifa haitamwachia mtu.

Kwa nini shule isimwalike bibi huyo? Aje porini pamoja na darasa, ashike uyoga mkononi, aeleze. Mwalimu aongeze sayansi yake. Na iwe sheria isiyovunjwa: mtoto hachumi uyoga kwa kula katika somo lile, bali hutazama na kuchora tu. Kwani somo la siku moja halimfanyi mtu awe mjuzi, na mtoto aliyejifunza nusu ni hatari kuliko asiyejifunza.

Sayansi ya mwalimu itasema hivi. Aina nyingi za uyoga tunaokula zimefungamana na miti ya miombo chini ya ardhi. Nyuzi nyembamba za uyoga huikumbatia mizizi ya mti, huupa maji na madini ya udongo, na mti huupa uyoga sukari yake. Kata mti, na uyoga ule hautaota tena mahali pale. Basi yule mama auzaye uyoga barabarani na yule kijana apitishaye baiskeli yenye magunia ya makala wanashindania mti mmoja, hata kama hawajuani. Mji wetu hupika kwa makala, kwa sababu umeme hukatika na tena haukufika kila nyumba. Wachoma makala hawana ubaya kuliko sisi tununuao. Wazee wanakumbuka msitu ulipokuwa karibu. Leo makala hutoka mbali, kilometa nyingi, na bei yafuata umbali. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuhesabu jambo hili vizuri sana: nyumba yetu hutumia magunia mangapi kwa mwezi? Mtaa wetu una nyumba ngapi? Awaulize jirani, aandike. Hiyo ni hesabu yenye harufu ya jikoni, wala haimo katika zoezi namba nne.

UA LA SHABA NA VUMBI LAKE

Karibu na mji wetu, upande wa mashariki, uko mgodi wa Étoile, ambao kampuni ya Union Minière ilianza kuuchimba mwaka 1911. Na mwaka ule ule, tarehe 30 Juni, tanuri la kwanza la Lubumbashi liliwashwa. Lakini Wazungu hawakuwa wa kwanza kuijua shaba yetu. Walionyeshwa na wenyeji mashimo ya kale. Mafundi wa zamani waliyeyusha mawe katika tanuri za udongo wa kichuguu, wakamimina shaba katika umbo la msalaba mdogo, na misalaba ile ilitembea kwa biashara hata nchi za mbali. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini, aliyeliongoza Kanisa la Katanga miaka mingi hata alipofariki mwaka 1958, alichapisha mwaka 1926 maelezo ya kazi ya mafundi hao, akiwaita kwa jina lao, yaani walaji wa shaba.

Vilima vyenye shaba nyingi havikuwa na miti. Mimea mingi haivumilii udongo ule. Lakini iko mimea michache iupendayo, na mmoja wao, mdogo, wa jamii ya mrihani, watu wameuita ua la shaba. Wenye elimu huuita Haumaniastrum katangense. Huota pale udongo ulipochanganyika na shaba, hata kando ya njia yalipomwagika mawe ya mgodi. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliufuata mmea huu, wakakuta chini yake mabaki ya tanuri za mababu. Mtoto wa Lubumbashi ajuaye hivyo ana ufunguo ambao mtoto wa Brussels au wa Nairobi hana.

Lakini ardhi hii hii ina hatari yake, na somo la nje likiificha si somo la kweli. Bomba kubwa la moshi tulionalo sote, lenye meta zaidi ya 150, lilitoa kwa miaka mingi moshi wenye salfa na vumbi la madini. Upepo utokao kusini-mashariki uliuchukua upande wa pili, na ardhi ya huko ikabaki uchi, bila miti. Wataalamu wa kilimo wa Chuo Kikuu chetu wamejaribu huko Penga Penga kupanda aina ya nyasi ivumiliayo shaba, ili udongo usichukuliwe na upepo na mvua. Na mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven walitangaza ya kuwa walipima mkojo wa watu wakaao karibu na migodi na viwanda vya Katanga, wakakuta kobalti na madini mengine kwa wingi sana, na kwa watoto kuliko kwa watu wazima. Watoto hucheza chini, huweka mikono mdomoni.

Wako watakaosema: kama ndivyo, afadhali watoto wabaki ndani. Nami nasema sivyo. Mtoto yuko nje tayari. Atoka shule saa sita, acheza mtaroni, aoga mtoni, na wengine, kwa huzuni yetu, huokota mawe migodini wauze. Vumbi halikungoja ruhusa ya mwalimu. Basi aliyempeleka atazame ardhi iliyo uchi, akamweleza sababu, akamfundisha kunawa mikono kabla ya kula na kutotia jiwe la kijani mdomoni, amemkinga. Aliyemfungia darasani na mti wa chaki hakumkinga na kitu. Bila shaka mwalimu hatawaingiza watoto ndani ya uzio wa mgodi wala katika maji yatokayo kiwandani. Mahali pa kutazama kwa mbali pako pengi.

WALIOTANGULIA

Mapadri wa Don Bosco walifika Katanga mwaka 1911, wakiongozwa na Padri Joseph Sak. Mwaka uliofuata wakafungua mjini koleji ambayo leo twaiita Imara, iliyokuwa kwanza ya watoto wa Wazungu. Na huko Kafubu wakafanya misheni yenye shule za kazi na mashamba. Mwanzilishi wa shirika lao, Mtakatifu Yohane Bosco, alizaliwa mwaka 1815 katika kijiji cha Becchi karibu na Torino, naye aliamini sana miguu. Kila mwaka, wakati wa likizo ya vuli, aliwachukua vijana wake, wengi wao maskini wa mjini, wakaenda kwa miguu vijiji hata vijiji, na tarumbeta zao na michezo yao, wakilala kwa maparoko na katika maghala. Mwaka 1864 alifika nao hata Genova. Husimuliwa pia ya kuwa mwaka 1855 aliomba ruhusa ya kuwatoa kwa siku moja vijana wa gereza la Torino, bila askari, na jioni wakarudi wote, hata mmoja hakukosa. Wanahistoria wabishane juu ya habari hii. Ila yaonyesha watu walimjua Don Bosco kuwa mtu wa namna gani.

Nusu karne baadaye, mwezi wa nane wa mwaka 1907, Mwingereza Baden-Powell aliwapeleka wavulana wapatao ishirini kisiwani Brownsea, na huo ukawa mwanzo wa Skauti. Mzee huyo amezikwa Nyeri, nchi ya Kenya, alikofariki mwaka 1941. Katika parokia zetu twawaona Skauti, Kiro na Xaveri wakipiga kambi wakati wa likizo. Wazazi ambao hawakukubali mwalimu apeleke watoto porini, ndio hao hao wanaofunga mizigo ya kambi kwa furaha. Yafaa shule ijiulize kwa nini.

Nchi za jirani zimefanya mengi kwa njia hii. Wanafunzi wa Kenya walianza vilabu vyao vya wanyama mwaka 1968. Dar es Salaam, mwaka 1991, wanafunzi kumi na wawili walikutana nyumbani kwa Bibi Jane Goodall, na kutokana na mkutano ule ukazaliwa mwendo wa vijana ulioenea nchi nyingi. Hapa kwetu, tangu mwaka 2006, shirika la J.A.C.K. latunza sokwe wadogo walionyang'anywa mikononi mwa wauzaji, na watoto wa shule wamekuwa wakipelekwa kuwaona. Mtoto aliyemtazama sokwe machoni haambiwi mara mbili ya kuwa si nyama ya soko.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alieleza ya kuwa kuwapa watu habari na sheria hakutoshi, kama tabia zao za kila siku hazikubadilika. Padri akiisoma sehemu hiyo mimbarini, walimu waliopo kanisani wamfuate baada ya Misa wapange siku.

NAMNA YA KUANZA

Mwalimu anayetaka kuanza asianze na maporomoko ya Lofoi, yaliyo mbali, tena kwa gharama. Aanze na mtaro wa maji mbele ya shule. Mvua ikinyesha, maji yale yaenda wapi? Watoto wayafuate hata kijito. Kijito chaingia mto Lubumbashi, nao waingia Kafubu, na Kafubu Luapula, na Luapula ziwa Mweru, kisha Luvua, Lualaba, mto Kongo wenyewe, hata bahari ya Atlantiki. Na akiwa na darasa la juu, awaambie ya kuwa huko Kipushi, kilometa 30 tu kutoka hapa, mpaka wetu na Zambia wafuata mgongo wa nchi: tone la mvua liangukalo upande wetu laenda Atlantiki, na jirani yake liangukalo ng'ambo laenda Zambezi na bahari ya Hindi. Nimeona watu wazima wakikataa kusadiki, hata walipoonyeshwa ramani.

Awaandikie wazazi barua fupi, yenye siku, mahali, saa ya kurudi, na swali litakalojibiwa. Apate mtu mzima mwingine, mzazi mmoja au wawili, mmoja awe mbele na mmoja nyuma. Awahesabu watoto wakati wa kutoka, wakifika, wakianza kurudi, na langoni. Kila mtoto achukue maji na kofia. Mawingu meusi yakikusanyika arudi mara moja, wala asiwakinge watoto chini ya mti, kwa maana radi za nchi yetu zinajulikana. Mwezi wa nane na wa tisa ajihadhari na moto wa nyasi.

Na shule iliyobanwa katikati ya mji, isiyo na pori wala kijito? Basi mwembe uko. Mtoto asimamishe fimbo ya meta moja uwanjani penye jua, apime kivuli chake. Kisha apime kivuli cha mwembe, tangu shinani hata ncha. Kivuli cha fimbo kikiwa sentimeta 80, na kivuli cha mwembe meta 8, mwembe una meta 10. Atakayekosa hesabu, arudie kesho saa mbili asubuhi, vivuli vikiwa virefu zaidi, aone kama mti umebadilika.